Shamba Hili Haliuzwi: Mradi, Msomaji na Insha ya Kiingereza katika Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Msafiri aondokaye Kitengela kuelekea Kajiado, kwa barabara iendayo Namanga, hukutana na maandishi mengi kabla hajafika Isinya. Mengine yamechapwa vizuri kwenye mabango ya wauzaji viwanja. Mengine yameandikwa kwa brashi juu ya ukuta usiopigwa lipu, juu ya lango la mabati, au juu ya kipande cha ubao kilichotundikwa kwenye seng'enge. Miongoni mwa haya ya mkono iko sentensi moja inayojirudia sana, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kiswahili: shamba hili haliuzwi.

Mhakiki wa fasihi hana budi kuiheshimu sentensi hiyo. Mwandishi wake ana jambo la kusema na anamjua anayemwandikia: dalali, tapeli mwenye hati bandia, au ndugu mwenye haraka ya kuuza kilicho cha ukoo. Ina mahali pake na wakati wake. Isipoeleweka, au isiposadikiwa, mwenyewe anaweza kurudi siku moja akute msingi wa nyumba ya mtu mwingine umekwisha kuchimbwa.

Mwanafunzi wa shule ya sekondari huipita sentensi hiyo kila asubuhi. Akifika darasani huambiwa aandike kwa Kiingereza insha kuhusu siku asiyoweza kuisahau. Naye huandika kwamba jua lilikuwa limechomoza na miale yake ikipenya dirishani, ndege wakiimba, ilhali yeye mwenyewe aliamka kungali giza ili aiwahi matatu. Huandika hivyo kwa sababu amefunzwa kwamba ndivyo insha inavyoanza.

Makala haya yanachunguza umbali uliopo baina ya maandishi hayo mawili, yale ya langoni na yale ya daftarini. Hoja yake ni kwamba ufundishaji wa uandishi kwa njia ya mradi, ambao siku hizi unasifiwa sana nchini Kenya, unaweza kuupunguza umbali huo, lakini kwa sharti moja. Mradi sharti uishie mikononi mwa msomaji awezaye kumjibu mwandishi, na hata kumkanusha. Pasipo sharti hilo, mradi huwa ni kazi ya mikono iliyoongezwa juu ya mzigo wa mwanafunzi, na Kiingereza chake hubaki pale pale kilipokuwa.

Yumkini atatokea atakayeuliza kwa nini suala la Kiingereza lijadiliwe kwa Kiswahili, tena katika kurasa za uhakiki wa fasihi. Jibu ni kwamba kiini cha suala hili ni hadhira, na hadhira ni dhana ambayo uhakiki umeishughulikia kwa muda mrefu kuliko mitaala. Aidha, mwanafunzi wa Kitengela hafiki kwenye Kiingereza moja kwa moja. Hupitia Kiswahili, na mara nyingi hupitia Kimaa au lugha nyingine ya nyumbani kabla ya Kiswahili. Asiyeitazama njia hiyo hawezi kueleza kinachotokea mwishoni mwake.

Insha isiyo na msomaji

Katika miaka ambayo mtihani wa KCPE ulifanywa, yaani tangu 1985 hadi 2023, mtoto wa darasa la nane alipewa dakika 40 kuandika insha ya Kiingereza na dakika 40 nyingine kuandika insha ya Kiswahili. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya Kiingereza humpa mtahiniwa saa mbili na nusu kwa insha ya kubuni na insha mbili juu ya vitabu teule. Muda ni mchache, watahiniwa ni wengi, na msahihishaji hajulikani. Mwanafunzi huandika kwa mtu asiyemwona, ambaye hatamjibu, na ambaye hana haja ya kujua jambo lolote kutoka kwake. Haja yake ni kupima tu.

Hali hiyo imezaa utanzu ambao mwalimu yeyote wa Kenya huutambua kwa mistari miwili ya mwanzo. Una methali ya kufungulia na methali ya kufungia. Una tashbihi zilizokaririwa kwa makumi kutoka katika vijitabu vya marudio. Una mhusika ambaye moyo wake hudunda kama ngoma na ambaye mwishowe huzinduka na kugundua kwamba ilikuwa ndoto. Mwalimu anayekaa usiku katika chumba chake cha kupanga Kitengela, akiwa na madaftari ya mikondo mitatu mezani, huweza kusoma insha 40 zilizotungwa na watoto 40 wenye maisha 40 tofauti, naye akahisi kwamba amesoma insha moja. Huweka alama nyekundu juu ya wakati wa kitenzi, huandika alama ya jumla, na asubuhi madaftari hurudi kwa wenyewe. Wengi hutazama alama na kufunga daftari. Hawana cha kusoma tena, kwa kuwa mazungumzo yamekwisha.

Ni rahisi kulilaumu zoezi la kukariri. Lakini lawama hiyo ingekuwa ya haraka. Shaaban Robert alipochapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, aliamini kwamba mwandishi mchanga hujifunza kwa kutazama mfano mwema, na utamaduni wa ushairi wa Kiswahili umeamini hivyo kwa karne kadhaa. Mwanagenzi aliketi mbele ya malenga, akasikiliza, akahifadhi, akaiga bahari na vina kabla hajathubutu kusema lake. Kuiga hakukumharibu.

Tofauti iko kwingine. Mwanagenzi aliiga akijua kwamba utungo wake utafika barazani, na barazani kuna majibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, alitunga wakati miji ya Mombasa na Lamu ilipokuwa ikihasimiana, na tungo zilisafiri baina ya miji hiyo zikidai majibu na kuyapata. Mtunzi aliyeteleza katika neno alijua kwamba neno hilo lingerudishwa kwake limegeuzwa kuwa silaha. Ustadi ulinolewa na kujibizana. Insha ya shuleni imebakiza kuiga na kuacha kujibizana.

Kivuli cha Kabete

Wazo la kufundisha kwa mradi si geni, wala halikuanza na mitaala ya sasa. William Heard Kilpatrick wa Chuo Kikuu cha Columbia, mfuasi wa John Dewey, aliandika makala yake mashuhuri juu ya mbinu ya mradi mwaka 1918. Alisisitiza kwamba kujifunza kwa kweli hutokana na kazi yenye kusudi ambayo mwanafunzi ameikubali kwa moyo wake wote. Lakini katika Afrika Mashariki fikra zilizo jirani na hizo ziliingia kwa mlango tofauti. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Kenya mwaka 1924 na kupendekeza elimu inayolingana na mazingira ya kijijini: kilimo, afya, ufundi wa mikono. Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwaandaa walimu watakaoeneza elimu ya aina hiyo.

Waafrika wengi waliitilia shaka, na shaka yao haikuwa ya ujinga. Waliona kwamba mtoto wa mlowezi alifundishwa kuandika ilhali mtoto wao alifundishwa kulima vizuri zaidi. Shule huru za Wakikuyu, zilizoenea katika miaka ya 1930, zilidai Kiingereza kifundishwe mapema. Wazazi hao walielewa vyema kwamba barua kwa serikali, hukumu ya mahakama na hati ya ardhi havikuandikwa kwa jembe. Nusu karne baadaye, mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ukiwa na masomo ya useremala, uashi na sayansi kimu, wazazi walijenga karakana kwa michango ya harambee, na malalamiko ya zamani yakasikika tena: gharama ni yetu, faida ni ya nani?

Katika Kajiado kivuli hicho ni kizito zaidi, kwa kuwa historia ya wilaya hiyo, ambayo tangu 2013 ni kaunti, inafungamana na karatasi. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na kugawanywa baina ya hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Kwa mkataba wa 1911 wale wa Laikipia nao wakahamishiwa kusini. Mikataba yote miwili iliandikwa kwa Kiingereza, na waliotia alama zao hawakuweza kuisoma. Kesi ya Ole Njogo ilipofikishwa mahakamani mwaka 1913, ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama haikuwa na mamlaka ya kuiamua. Watu walikuwa wamehamishwa kwa sentensi, na sentensi nyingine ikawafungia mlango.

Kwa hiyo mzazi wa Kajiado anaposema kwamba anataka mtoto wake ajue Kiingereza cha kuandika, hasemi juu ya mtihani peke yake. Wala mwalimu hana haki ya kumletea mradi ambao mwisho wake ni bango lililobandikwa picha au kikapu kilichosukwa, kisha amwambie kwamba hayo ndiyo maendeleo. Mradi usioishia kwenye kalamu unairudisha Kabete kwa jina jipya.

Ua kama somo

Je, mradi unaoishia kwenye kalamu ni upi? Nyanda za Kaputiei, ambazo Kitengela imejengwa ukingoni mwake, zinatoa mfano ulio karibu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, iliachwa wazi upande wa kusini ili nyumbu, pundamilia na wanyama wengine waweze kwenda na kurudi kwa majira. Kadiri mashamba ya pamoja yalivyogawanywa na vipande vyake kuuzwa, na kadiri eneo la viwanda vya mauzo ya nje lililoanzishwa Athi River kwa sheria ya 1990 lilivyovuta wafanyakazi, ua ziliongezeka. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi zaidi ya 150,000 katika mji wa Kitengela peke yake.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, wasichimbe mawe, na wawaachie wanyama njia. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakipangwa yalingane na muhula wa shule, wakati karo inapodaiwa. Miaka michache baadaye, wakazi waliofunzwa na watafiti walitembea nyandani wakipima ua moja baada ya nyingine kwa vifaa vya setilaiti, na ramani iliyopatikana ikawa hoja mikononi mwa jamii ilipodai mpango wa matumizi ya ardhi. Hapa hakukuwa na mwalimu wala alama, lakini ulikuwa mradi kwa maana kamili ya neno. Palikuwa na swali, kazi ya nyanjani, maandishi, na wasomaji waliokuwa na sababu ya kuyapinga.

Mwalimu wa Kiingereza hahitaji setilaiti. Darasa la sekondari linaweza kugawanywa katika vikundi vya wanafunzi watano, kila kikundi kikichagua kipande kimoja cha njia wanachokifahamu na swali moja: ua hizi zilianza kujengwa lini, na nani, na kwa sababu gani? Wanafunzi huhesabu. Huwahoji watu watatu au wanne kwa idhini yao. Huandika rasimu ya kurasa mbili. Rasimu hurudishwa kwa waliohojiwa, ikasomwa na kufasiriwa mbele yao. Kisha huandikwa upya na kupelekwa kwa msomaji wa tatu aliye nje ya shule, mathalani ofisi ya wadi au kamati ya wakazi. Tangu Katiba ya 2010 umma una haki ya kushirikishwa katika maamuzi ya kaunti, na mamlaka ya mazingira hualika maoni ya maandishi kabla ya kuidhinisha viwanda na machimbo. Kwa hiyo wasomaji wa aina hiyo wapo.

Kinachobadilika katika Kiingereza cha mwanafunzi hakionekani kwanza katika msamiati. Huonekana katika sarufi. Chukulia sentensi ambayo kila rasimu ya kwanza huwa nayo, isemayo kwamba ardhi iliuzwa. Katika Kiingereza, kama katika Kiswahili, kauli ya kutendwa humficha mtenda. Katika insha ya mtihani jambo hilo halina madhara. Katika ripoti ya ua, mwalimu huuliza: nani aliiuza? Alimuuzia nani? Mwaka gani? Mwanafunzi asiyejua hulazimika kurudi kuuliza. Anayejua hugundua jambo la ndani zaidi, kwamba mama aliyemhoji anamjua muuzaji lakini hataki jina lake litajwe, maana ni shemeji yake. Hapo kauli ya kutendwa inarudi kwa hiari ya mwandishi. Mwanafunzi ameijifunza kama chaguo lenye uzito wa kimaadili, na hataisahau upesi.

Vivyo hivyo kwa vile vineno viwili vidogo vya Kiingereza vinavyotangulia nomino, ambavyo humtesa mwanafunzi wa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu. Kiswahili husema shamba, na muktadha hutosha kuonyesha kama ni shamba lolote au lile linalojulikana. Kiingereza humdai mwandishi aamue kila mara kama msomaji wake tayari anakijua kinachozungumziwa. Kanuni hiyo haifundishiki vizuri kwa sentensi za kujaza mapengo, kwa sababu sentensi hizo hazina msomaji. Mwanafunzi anayemwandikia karani wa wadi asiyeijua njia yao huanza kuhisi haja ya kumtambulisha ua mara ya kwanza na kumrejelea mara ya pili.

Hali ni hiyo pia kwa maneno ya kiasi. Mwanafunzi aliyeandika kwamba watu wote wamezungusha ua husomewa rasimu yake na mzee ambaye hajazungusha, naye mzee husema: mimi je? Neno moja hubadilishwa. Hakuna wino mwekundu uliotumika.

Lugha tatu za mradi mmoja

Mahojiano katika nyanda hizi hayafanyiki kwa Kiingereza. Mzee husema Kimaa, mjukuu au jirani hufasiri kwa Kiswahili, wanafunzi huandika vidokezo kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, na ripoti hutakiwa kwa Kiingereza. Wapo walimu wanaoiona safari hiyo kama kasoro, na wanaowaadhibu wanafunzi wakizungumza lugha nyingine wakati wa kazi. Kinyume chake ndicho sahihi. Ni katika vivuko hivyo ndipo mwanafunzi hulazimika kufikiri juu ya neno.

Mfano ni neno ua lenyewe. Kiingereza kina neno moja la kawaida ambalo mwanafunzi ataliandika bila kufikiri. Lakini mzee anapoeleza, hutenganisha mambo mawili. Uko ua wa miiba unaoizunguka enkang, ambao kazi yake ni kumzuia simba usiku na ambao familia ikihama huachwa uoze. Uko na ua wa seng'enge, ambao humzuia mtu mchana na kutangaza mwenyewe ni nani. Kimaa kina pia olopololi, malisho ya karibu yaliyotengwa kwa ajili ya ndama, ambayo yalikuwa na mpaka unaoheshimiwa hata pasipo waya. Mwanafunzi anayeyaweka yote matatu chini ya neno moja la Kiingereza amemfanya mzee aseme kwamba ua zimekuwako daima, na ya kwamba hakuna kipya. Huo ni uongo, ingawa kila neno liko sahihi kisarufi. Anayeliacha neno la Kimaa ndani ya sentensi ya Kiingereza na kulieleza kwa sentensi ya pili ameandika Kiingereza bora zaidi.

Idara za fasihi zinapaswa kulitambua zoezi hili, kwa maana ni lao. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa pendekezo lao katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwezi Oktoba 1968, wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, moja ya matunda yake lilikuwa kuingizwa kwa fasihi simulizi katika masomo. Wanafunzi walitumwa nyanjani wakusanye, wanukuu, watafsiri na kufafanua. Naomi Kipury alichapisha mwaka 1983 mkusanyiko wa fasihi simulizi ya Wamaasai kwa Kiingereza, na kitabu chake kinaonyesha jinsi Kiingereza kinavyoweza kubeba masimulizi, vitendawili na nyimbo za Kimaa kikiandikwa na mtu anayewajibika kwa wenye masimulizi. Neno mradi halikuwa likitumika sana katika mijadala hiyo, lakini mbinu ilikuwa ile ile.

Kilichofuata kinasikitisha. Utafiti wa nyanjani uliingia katika mitihani ya sekondari kama swali. Mtahiniwa huulizwa ataje hatua za utafiti wa fasihi simulizi na changamoto za mtafiti nyanjani, naye hutaja: gharama, lugha, hali ya anga, uhasama wa wahojiwa. Wengi hupata alama zote bila kuwahi kumhoji bibi yao. Changamoto za safari zimekaririwa na watu wasiosafiri. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba utaratibu wowote wa kujifunza, hata ulio bora, unaweza kugeuzwa kuwa insha ya jua na miale.

Mfano wa upande wa pili ni Kamirĩĩthũ, Limuru. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu pamoja na wanakijiji, ambao walijenga jukwaa kwa mikono yao. Wanakijiji waliisikiliza rasimu na kuisahihisha. Mzee alisema kwamba mzee hasemi namna ile. Mfanyakazi wa kiwandani alirekebisha habari za mishahara. Onyesho lilifunguliwa Oktoba, kibali kikafutwa Novemba, na tarehe 31 Desemba mwandishi akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Lugha yake haikuwa Kiingereza, na hiyo ndiyo sababu mfano huu unafaa hapa. Unaonyesha kwamba kinachomnoa mwandishi ni msomaji mwenye ujuzi wa jambo na ujasiri wa kusema hapana, na kwamba kanuni hiyo haichagui lugha.

Vizingiti

Haitakuwa haki kumwachia mwalimu mzigo huu bila kuyataja yanayomkabili. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kusisitiza kwamba kila mtoto aingie sekondari, madarasa yamefurika. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeipa miradi nafasi kubwa, na kundi lake la kwanza lililofanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025 liliingia katika mtihani huo likiwa na alama za tathmini zilizotolewa shuleni. Nia ni njema. Hata hivyo wazazi wengi wamelalamika kwamba mradi hufanywa nyumbani usiku na mzazi mwenyewe, au hununuliwa dukani karibu na kituo cha matatu. Alama ikishatiwa juu ya kitu, kitu hicho hupata soko.

Pia siku hizi zipo programu za kompyuta zinazotunga insha ya Kiingereza isiyo na kosa la sarufi kwa muda mfupi kuliko wa kuchonga penseli. Wanaoshtuka wana sababu. Lakini programu hizo zimefichua jambo lililokuwapo zamani: insha inayoweza kuandikwa na mashine isiyowahi kufika Kitengela ni insha ambayo haikuwa ikihitaji Kitengela tangu mwanzo. Ripoti ya ua za njia fulani, iliyosomwa mbele ya waliohojiwa, haiwezi kukamilika kwa namna hiyo, kwani waliohojiwa watauliza nani alikuja kuwahoji.

Lipo pingamizi la tatu, nalo ni gumu zaidi. Ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza juu ya maisha ya mtu asiyesoma Kiingereza inaweza kuwa mkataba mwingine wa aina ya 1911: maneno yake yamechukuliwa, yamegeuzwa, na yamepelekwa ofisini asikoweza kuyafuata. Ndiyo maana hatua ya kuirudisha rasimu na kuifasiri kwa Kimaa au Kiswahili haiwezi kuachwa kwa kisingizio cha muda. Mzee anaweza kusema: sikusema niliuza, nilisema tulikubaliana alishe. Baina ya kuuza na kukubaliana alishe kuna ekari nyingi. Mwanafunzi anayelisikia hilo akiwa na umri wa miaka 16, akiwa ameshika karatasi yake mwenyewe, amejifunza juu ya Kiingereza jambo ambalo kamusi haina.

Hitimisho

Yanayopendekezwa hapa ni machache makusudi. Mradi mmoja kwa muhula unatosha, na kurasa mbili zinatosha. Lakini rasimu na isomwe na mtu aliye nje ya darasa mwenye haki ya kuikataa, kisha iandikwe upya, na alama ya mwalimu itolewe baada ya hapo. Idara zinazowaandaa walimu wa lugha zinaweza kuanza kwa kuwapa wanafunzi wao wenyewe kazi hiyo hiyo, kwa sababu mwalimu ambaye hajawahi kukanushwa na mhojiwa wake ataona hatua hiyo kuwa mapambo. Na kazi ya Kiswahili katika safari nzima itambuliwe waziwazi: ndicho kinachowezesha mzee wa Kaputiei na karani wa wadi wasikizane kupitia kwa mtoto wa shule.

Mtihani utaendelea kuwapo, na mwanafunzi ataendelea kuhitaji kuandika kwa haraka juu ya mada asiyoichagua. Si lazima mambo hayo mawili yapingane. Aliyewahi kuandika kwa mtu halisi huenda na msomaji huyo kichwani hata anapokuwa peke yake katika chumba cha mtihani, na humuuliza: utanielewa? utaniamini?

Jioni, mwanafunzi hurudi kwa njia ile ile na kuipita tena ile sentensi ya langoni. Kwa kawaida hapunguzi mwendo. Mwalimu wa Kiingereza atakuwa amefanya kazi yake siku mwanafunzi huyo atakaposimama, abishe hodi, na baada ya salamu aulize kwa adabu ni nani aliyeandika pale, na ni jambo gani lililotokea hata akaona haja ya kuandika.